Nani Kagusa Shokapu?

Nne!

Tulimwacha Tiki amelala chali chini ya pikapu, kisogo kwenye lami, mkono wa kulia umepenya nyuma ya tairi mpaka kwenye shokapu. Alikuwa anabana kile kidude huku akihesabu. Alitegemea kufika kumi. Kidude kikagota kwenye nne.

Akalegeza nne, akabana tena. Nne.

"Haiwezekani," aliiambia pikapu.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au jirani aliliazima akafungia viatu, panda haraka, hatusimami. Tiki ni fundi wa shokapu. Jina alibandikwa chuoni kwa sababu ya mlio mdogo anaoishi nao. Shokapu za pikapu yao zina kidude cha kuzungusha, si kikubwa kuliko kifuniko cha dawa ya meno, na kila hatua kinalia tik. Ziko tik kumi na nne tangu laini kabisa mpaka ngumu kabisa. Dereva ni mdogo wake, Kibiriti, jina ambalo halihitaji maelezo. Leo ni mbio za kupanda kilima, gari moja moja, kona tano, na kona ya tano ina ukuta wa mawe. Asubuhi, katika mzunguko wa kwanza, nyuma ya pikapu iliruka pale pale Ukutani, ikakosa mawe kwa upana wa kiganja.

Mzunguko wa pili ni saa tisa alasiri. Sasa ni saa nane kasoro dakika ishirini.

Na kuna mtu amegusa shokapu.

Tiki alijivuta kutoka chini. Si kazi ndogo. Pikapu ile wameishusha mpaka paka wa gereji huinama akitaka kupita. Akazunguka upande wa kushoto, akalala tena, akapenyeza mkono.

Nne.

Mbele kulia, saba. Mbele kushoto, saba. Kama alivyoziacha jana. Ni nyuma tu.

"Wifi!"

Wifi, mke wa Kibiriti, ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Alikuwa amekalia tairi la akiba, saa ya kupimia mbio imening'inia shingoni, akipiga kisigino chini kwa haraka kama cherehani.

"Asubuhi nani alisogea hapa?"

"Uliza nani hakusogea. Watoto, wapiga picha, yule mzee wa miwani ya jua. Kuna dada mmoja alitaka kupiga picha kamkumbatia mume wangu, nikamwambia huyu si sanamu ya mjini."

"Nani alilala chini ya gari?"

Kisigino kikatulia. "Mbona unauliza hivyo?"

"Nyuma niliacha kumi. Nimekuta nne."

"Nne ni mbaya?"

"Nne ni Kibiriti kwenye ule ukuta."

Shika jambo hili moja la ufundi, msomaji, sitakusumbua na jingine. Pikapu isiyo na mzigo haina uzito nyuma. Tairi likipanda kigongo, linatakiwa lirudi chini upesi likamate lami. Shokapu ikiwa ngumu mno, kama kwenye hiyo nne, inalishikilia juu. Tairi linachelewa. Na gari ambalo tairi zake ziko hewani halipigi kona, linakwenda linakotupwa. Pale Ukutani, katikati kabisa ya kona, mizizi ya mti imeinua lami. Kigongo chenyewe ukikipita kwa miguu hukioni. Mwaka jana dereva mmoja alitolewa pale kwa machela, na rangi ya gari lake bado iko kwenye mawe.

Macho ya Tiki yakaruka mpaka hema la pili.

Hema la Daktari.

Daktari si daktari. Ni fundi anayefanya kazi amevaa koti jeupe, na koti lenyewe halina doa, jambo ambalo Tiki husema linatosha kuonyesha kwamba hafanyi kazi. Walisoma chuo kimoja. Gari lake ndilo linaongoza, kwa nusu sekunde.

Na ninyi mlioniandikia wiki hii, barua kumi na moja, moja kwa wino mwekundu, mkisema "ni Daktari, mkamateni," haya, twendeni tukamkamate.

Tiki alifika na spana mkononi.

"Ulikuja kwenye gari langu asubuhi?"

"Habari za mchana, Tiki. Mimi mzima, asante."

"Nimekuuliza."

"Nimesikia. Hata aliye kule kileleni kakusikia." Mafundi wake wawili walianza kucheka, wakaiona ile spana, wakaacha. "Umeibiwa nini?"

"Sijaibiwa. Shokapu zangu zimezungushwa."

"Za mbele au za nyuma?"

"Nyuma."

"Kulia au kushoto?"

"Zote."

"Sawasawa?"

"Nne kwa nne."

Daktari akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Huenda jina limemwingia.

"Tiki, tumekaa dawati moja miaka miwili, unanijua. Mimi nikitaka kukuharibia gari, nagusa upande mmoja tu. Kulia nne, kushoto kumi, gari linajigeuza lenyewe, hata ukuta siuhitaji. Sasa mtu kalala chini, kahesabu. Kaamka, kazunguka, kalala tena kwenye ile lami, kahesabu upande wa pili, kahakikisha zinalingana." Aliokota kitambaa akafuta bisibisi ambayo tayari ilikuwa safi. "Huyo hakuchukii. Huyo anakupenda."

Tiki aligeuka na spana yake. Hakuna kitu kinachoudhi kama adui mwenye hoja.

"Na spana ya namba kumi na saba haifungui shokapu," Daktari alimpigia kelele Tiki akiwa anaondoka. "Sijui ulitaka kunifungua nini!"

Safari hii mafundi wake walicheka.

Kipaza sauti kikakohoa juu ya mti. Magari yote yawe mstarini saa tisa kasoro dakika kumi. Gari likishavuka mstari mweupe, hakuna kufungua boneti, hakuna kushika spana, hakuna kulala chini ya gari. Atakayekiuka, gari lake linarudi nyumbani.

Tiki alirudi akitembea mwendo wa kukimbia. Alimkuta Wifi amesimama mbele ya boneti, anaandika kwa kidole kwenye vumbi. 14. Chini yake 10. Chini yake mstari.

"Wifi, huu si wakati wa kusahihisha madaftari."

"Njoo hapa. Kumi na nne toa kumi?"

"Nne. Jamani!"

"Kumi na nne toa saba?"

"Saba."

"Ndiyo maana za mbele hazikuguswa," alisema Wifi.

Tiki alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama kabisa tangu asubuhi.

"Wewe unapohesabu tik zako," Wifi aliendelea kwa ile sauti ya darasani, "unaanzia wapi?"

"Naanzia ngumu. Nabana mpaka mwisho, halafu nalegeza kumi. Upande mgumu unagota, una mwisho wa kweli. Upande laini ukichakaa unateleza, unaweza kukudanganya tik mbili tatu. Tulifundishwa hivyo chuoni."

"Sasa chukulia mtu mwingine anaanzia laini. Anaona karatasi yako." Wifi alionyesha utepe wa karatasi uliobandikwa ubavuni mwa pikapu, mwandiko wa Tiki mwenyewe, herufi kubwa: MBELE 7, NYUMA 10. "Anashika ya mbele, anahesabu, saba. Sawa. Anashika ya nyuma, anahesabu, nne. Kwake yeye, wewe ndiye umekosea. Anafanyaje?"

Tiki alikuwa anaona mkono. Mkono mwembamba wenye kovu kwenye kidole gumba, umeshika mkono wake mdogo wa miaka tisa, unamzungushia kidole juu ya kidude cha shokapu kuukuu. Moja, mbili, tatu. Anza laini, mama. Daima anza laini, gari nalo linataka kuanza siku polepole.

Chini ya jua hili kuna mtu mmoja tu anayehesabu kuanzia laini, naye ndiye aliyemfundisha kuhesabu.

"Mjomba," alisema.

Wifi aliinamisha uso. "Aliniambia nisiseme."

"Ulimwona?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Nimeleta chai, nakuta miguu yake inatokeza chini ya gari, kalalia boksi. Na magoti yale! Ikabidi nimvute kama godoro. Akaniambia, 'Mpwa wangu kachoka, kakosea kidogo, nimemsahihishia. Usimwaibishe.'"

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nibishane na Mjomba kuhusu shokapu, mimi? Nina shahada ya hesabu, sina shahada ya wazimu."

Huyo Mjomba ni kaka wa mama yao. Gereji ni yake. Amewalea Tiki na Kibiriti humo ndani, baina ya springi na madumu ya oili, tangu mama yao alipofariki. Alikuwa anashika gari kwa kiganja tu anakuambia bushi ipi imekufa. Sasa macho yana ukungu, magoti yamegoma, na kuna kiti cha plastiki mlangoni ambacho kila mtu hukiita kiti cha Mjomba, na yeye hakipendi.

Tiki aliporudi kutoka chuo, miaka mitatu iliyopita, aligeuza hesabu. Hakumwambia. Angeanzaje? Mjomba alipokuwa karibu, yeye alihesabu moyoni. Mjomba alipouliza "ngapi?", alijibu namba, na Mjomba akatikisa kichwa, ameridhika. Miaka mitatu.

"Nenda ukamwambie," alisema Wifi.

"Nimwambie nini? Kwamba miaka yote hii nahesabu kinyume naye?"

"Ndiyo. Kwa maneno hayo hayo, wala usiyapambe."

Saa nane na dakika tano.

Mjomba alikuwa nyuma ya hema, kwenye kiti, redio mapajani, haisikilizi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Nasikia umeenda kugombana na yule bwana koti. Kwa nini?"

"Tulikuwa tunataniana tu."

"Na spana?" Mjomba alitabasamu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamvuta Tiki mkono mpaka akachuchumaa mbele yake. "Sikiliza. Kuna jambo, na usikasirike. Kila fundi hukosea. Mimi mwenyewe nilishawahi kumkabidhi mtu gari lina tairi tatu zimefungwa, ya nne nimeiwekea kofia tu. Mteja alinirudia kwa miguu, kabeba usukani."

Tiki alicheka, na kicheko kilimuuma.

"Asubuhi nilipitisha mkono kwenye shokapu zako. Za mbele safi kabisa. Za nyuma nikakuta nne. Karatasi inasema kumi. Nikasema moyoni, mtoto kakesha na kazi, kachanganya. Nikazirudisha kumi, kulia na kushoto. Hakuna aliyejua, na hakuna atakayejua." Alimpigapiga kiganjani. Macho yake yenye ukungu yalikuwa yanang'aa. "Bado nafaafaa, eh?"

Maneno yalikuwa tayari. Yalikuwa mdomoni, yamepangana. *Mjomba, mimi naanzia ngumu.* Matano tu, hata hayafiki.

"Asante, Mjomba," alisema Tiki.

Msomaji, usitupe gazeti. Hata mimi nilitaka kumzaba kibao. Lakini wewe ungeweza? Mtazame yule mzee kwenye kile kiti, halafu uniambie.

"Umemwambia?" Wifi aliuliza.

"Nitamwambia jioni. Tukishamaliza. Nyumbani, taratibu."

"Wifi yangu, hesabu haijui jioni," alisema mwalimu.

"Nimesema nitamwambia!"

Alikuwa ameshalala chini ya pikapu. Alibana kulia mpaka ikagota, akalegeza. Tik, tik, tik, mpaka kumi. Akazunguka. Tik, mpaka kumi. Akaamka, akautazama ule utepe wa karatasi. NYUMA 10. Mkono ulinyanyuka aubandue.

"Dada! Umegusa nini?"

Mkono ukashuka. Kibiriti alikuwa amefika, ovaroli ya mbio imefungwa kiunoni kwa mikono yake, jasho kifuani, kila kiungo kinacheza. Yule kijana hata akisimama anakimbia.

"Nyuma ilikuwa nne," alisema Tiki. "Kwa bahati mbaya tu. Nimerudisha kumi."

"Nne?" Kibiriti alisimamisha kila kitu. "Asubuhi nilipanda na nne?"

"Ndiyo."

"Basi rudisha nne."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Rudisha nne. Dada, kona ya kwanza mpaka ya nne sijawahi kwenda vile tangu nizaliwe. Unageuza usukani, mkia unakuja wenyewe, kama unausubiri. Unajua muda niliopata pale kona ya nne? Muulize mke wangu."

Wifi aliitazama saa yake.

"Na ya tano?" Tiki aliuliza.

"Ya tano nilishtuka. Sikujua itaruka. Sasa najua, nitaishika."

"Utaishika na nini? Tairi liko hewani! Utashika hewa?"

"Nusu sekunde, Dada. Nusu! Yule bwana koti atatembea na nusu sekunde yangu mjini mwaka mzima."

"Atembee nayo. Mwenye miguu ndiye anayetembea."

"Unaniona mtoto."

"Nakuona mume wa mtu."

Kibiriti akamgeukia mke wake kutafuta msaada. Kule hakukuwa na msaada. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu.

"Sawa," alisema Tiki ghafla. "Unataka nne? Naweka nne. Lakini mimi nakaa kiti cha pembeni."

"Ah!"

"Sheria inaruhusu. Kiti kipo, mkanda upo. Chagua. Nne, mimi na wewe. Au kumi."

"Huo ni ukatili."

"Chagua, Kibiriti, saa inakwenda."

Kibiriti alilipiga teke lile tairi la akiba. Akazunguka mara moja, akarudi pale pale. "Kumi," alisema akiuma meno. "Kumi, basi. Lakini nikuambie, Dada. Siku utakayoniwekea nne kwa mkono wako mwenyewe, nitajua umeniamini. Na siku hiyo nitakuonyesha udereva."

"Na bado nakaa pembeni."

"Si nimeshakubali!"

"Umekubali kwa mdomo. Mguu wako wa kulia sijausikia."

Wifi alicheka, kicheko kimoja kifupi. Alimshika mume wake kidevu, akamtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaondoka kupanda kilima kwa miguu, maana yeye hupimia muda pale kona ya nne, hatua mia moja kabla ya Ukuta.

Saa nane na nusu.

Anayepanda kiti cha pembeni lazima aandikishwe kwa wasimamizi, na dereva wake awepo. Meza ya wasimamizi ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na foleni mbele yake. Pikapu ingebaki peke yake.

Tiki alimwita Mjomba.

"Mjomba, utatukalia hapa? Robo saa tu. Mtu yeyote asiiguse."

Mjomba alileta kiti chake mwenyewe, akakisimika kwenye mlango wa pikapu kama askari wa benki.

"Labda apite juu yangu," alisema.

Na Tiki akaenda zake, moyo umetulia. Ndugu zangu! Moyo umetulia!

Foleni haikusogea. Msimamizi alikuwa na kalamu isiyoandika, akaipulizia, akaipigapiga, akaazima nyingine. Akauliza jina la ukoo mara mbili. Akauliza aina ya damu. Kibiriti alisema damu yake ni ya petroli, msimamizi akataka kuandika, Tiki akamkanyaga mdogo wake mguu. Wakatafutiwa helmeti ya pili. Ya kwanza ilikuwa ndogo. Ya pili ilinuka kichwa cha mtu mwingine. Kipaza sauti kikaita gari lao, kikaita tena kwa hasira.

Walirudi mbio. Pikapu ipo. Kiti kipo. Mjomba yupo juu ya kiti, anahema kidogo, redio inaimba.

"Kuna mtu amekuja?"

"Nimekaa hapa mwenyewe," alisema Mjomba. "Nendeni, nendeni, wanawaita!"

Wakaruka ndani. Pikapu ikanguruma, ikateleza polepole mpaka mstari mweupe, ikauvuka. Msimamizi akainama kutazama chini ya gari, akanyoosha kidole gumba. Imefungwa. Kuanzia hapo hakuna mkono wa fundi.

Zamu yao ilipofika, gari la Daktari lilikuwa limeshapanda na kushuka. Alikuwa bado anaongoza. Alisimama kando na koti lake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani. Alimpungia Tiki vidole viwili.

Tiki alikaza mkanda. Akaukaza tena. Aliufungua, akaufunga upya, kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi nyingine na mikono yake haijazoea. Kumi, alijiambia. Kumi na kumi. Saba na saba. Wataruka kidogo pale kwenye mizizi, tairi litarudi chini, watapita. Jioni atamwambia Mjomba. Atamletea chai, atakaa chini, atasema.

Upande wake wa dirisha kukawa na kivuli.

Mjomba. Alikuwa ametembea mpaka mstarini, na magoti yale. Aliinama, akashika dirisha kwa mikono miwili.

Tiki aliona begani kwake, juu ya shati, kipande cha boksi kimeganda na jasho.

Aliona boksi kabla ya kusikia neno. Boksi la kulalia.

"Mama," Mjomba alinong'ona, asije Kibiriti akasikia na kumcheka dada yake. "Ulichanganya tena. Si kosa lako, una haraka nyingi leo. Nilipitisha mkono nikakuta nne. Nimekurudishia kumi. Pande zote mbili." Alipapasa mlango wa pikapu mara mbili, kama anayempapasa farasi. "Nendeni salama."

Bendera ikashuka.

"Simama!" Tiki alipiga kelele. "Simamaaa!"

Helmeti zao hazina waya wa kuongelea. Injini ya pikapu ile, ikishafunguliwa, huwezi kusikia hata mawazo yako. Kichwa cha Tiki kiligonga kiti. Mjomba akawa nukta kwenye kioo, mkono juu, anapunga.

Kona ya kwanza. Pikapu ilikata kama mkasi kwenye kitambaa kipya. Mkia ulikuja wenyewe, kama unausubiri. Tiki alihisi kwenye makalio, alihisi kwenye uti wa mgongo. Nne. Nne kabisa.

Kibiriti alikunja shingo kidogo. Na yeye alikuwa amehisi kitu.

Kona ya pili. Tiki alimpiga ngumi begani. Kibiriti alitikisa kichwa kwa furaha. Alidhani anashangiliwa.

Akampiga tena. Akaonyesha nyuma kwa kidole gumba, akaonyesha chini. Kibiriti alitupa jicho kwenye kioo, hakuona kitu nyuma, akarudisha macho barabarani.

Kona ya tatu. Ule upande wa bonde, miti ikipita kama meno ya kitana. Hakuna muda. Hakuna maneno. Tiki alibaki na kitu kimoja tu ambacho fundi anaweza kukisema bila mdomo. Alinyoosha mkono mbele ya uso wa mdogo wake, akakunja kidole gumba, akamwekea vidole vinne wazi mbele ya kioo cha helmeti.

Nne! Iko nne!

Kibiriti aliviona. Alivitazama, halafu akamtazama dada yake, nusu ya nusu ya sekunde.

Na akaelewa. Usije ukasema hakuelewa. Alielewa sawasawa kabisa kile alichokuwa anaambiwa: shokapu za nyuma ziko nne. Nyuma ya kile kioo, macho yake yakakunjamana kwa kicheko, kisha yakajaa machozi. Dada yake kamwekea nne. Kwa mkono wake mwenyewe. Na bado kapanda kiti cha pembeni.

Dada yake amemwamini.

Akakanyaga mafuta mpaka sakafuni.

Juu, kona ya nne, Wifi aliisikia pikapu kabla ya kuiona. Ikatokea, chini kama mjusi, ikakata kona, ikampita kwa upepo uliomvua kilemba. Akabonyeza saa. Akasoma namba.

Ilikuwa namba nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko ya asubuhi. Wifi alitoa, akajumlisha, akatoa tena, midomo ikicheza bila sauti, kwa maana yeye kazi yake ni hesabu na hesabu haijawahi kumdanganya. Kwa kumi, pikapu ile haiwezi kupata namba hii.

Aliiacha saa ianguke, akashika sketi yake kwa mikono miwili, akaanza kukimbia kuelekea Ukutani.